Mwandika programu apimwe kwa karatasi au kwa kazi?

Mleta mada:
Ndugu zangu, kuna tangazo la kazi hapa Kampala limenikera. Wanataka shahada yenye alama za juu, kisha "zoezi la nyumbani": mwombaji ajenge mfumo mzima wa malipo kwa wiki moja, bila kulipwa. Huo si usaili, ni kazi ya bure. Na bando, ambalo tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12, ananunua nani?

Hizo alama zenyewe? Laszlo Bock, akiwa mkuu wa rasilimali watu Google, alisema mwaka 2013 kwamba mafumbo ya usaili ni kupoteza muda na alama za chuo hazifai kuwa kigezo cha kuajiri.

Mimi nampa mtu saa moja na msimbo (code) mfupi wenye kasoro. Mteja analipa kwa mobile money, pesa inakatwa, mtandao unapotea kabla jibu halijarudi, anabonyeza tena. Atakatwa mara mbili? Anayeijua kazi hakimbilii kibodi. Anauliza: kila ombi lina namba yake ya kumbukumbu, isiyobadilika likirudiwa? Tunaweza kuuliza kampuni ya simu hali ya muamala kabla ya kurudia? Hapo nishamjua, hata kama hajaandika mstari.

Mchangiaji wa kwanza:
Ssebo, umemnukuu nusu. Bock aliwatenga waliotoka chuoni juzi, akasema kwao alama zina uhusiano kidogo na kazi. Na hao ndio wanaotujazia maombi. Yakifika 200 kwa nafasi moja, saa 200 nazitoa wapi? Wape FizzBuzz: andika 1 hadi 100, zinazogawanyika kwa 3 ziwe Fizz, kwa 5 Buzz, kwa zote mbili FizzBuzz. Utashangaa wanavyoanguka.

Mchangiaji wa pili:
FizzBuzz, wakati ChatGPT inaimaliza kabla hujasoma swali lote? Labda uwasimamie. Mimi nimejifunza mwenyewe, shahada sina. Chujio la karatasi linanitupa kabla sijafungua mdomo.

Mleta mada:
Sawa, 200 huwezi. Wafanye FizzBuzz mbele yako, dakika kumi, watakaobaki ndio uwape saa moja. Ukitaka kazi ya siku nzima, lipa. Ila shahada kuwa mlango wa kwanza bado napinga. Kuna mwenye kampuni humu anayelipa siku ya majaribio? Unatoa shilingi ngapi?