Tupeane uzoefu: uliacha chuo njiani, deni la Bodi ya Mikopo umelilipaje?

Mama Nai
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi ambao joho hatukuvaa lakini deni tunalo. Waliohitimu wana nyuzi zao, tena nyingi.

Naanza mwenyewe. Niliingia chuo 2016, nikaondoka mwaka wa pili, bumu la kwanza (hela ya kujikimu kutoka Bodi) likiwa limeshaingia. Mama alilazwa, nyumbani kuna wadogo watatu. Nilifunga begi, nikamwachia funguo niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, nikapanda basi. Sikuandika barua, sikupita kwa afisa mikopo. Kichwani mwangu mkopo ulikuwa wa digrii. Digrii haipo, basi na mkopo haupo.

2022 nikapata kazi ya stoo, mshahara 450,000. Mwezi wa tatu naangalia slipu, 67,500 haipo. Nikamfuata mhasibu nimevimba, najua amenichanganya na mtu. Akanigeuzia kompyuta: namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne, mwaka niliomaliza, na lile jina la kati ambalo hata mume wangu halijui. Deni 4,040,000.

Usiku nikakaa na daftari la mtoto. Bumu enzi zetu lilikuwa 8,500 kwa siku, yaani 510,000 kila siku 60. Nilisaini mara nne mwaka wa kwanza, mara moja mwaka wa pili. Hela ya vitabu 200,000 mara mbili. Ada 1,050,000, ambayo sikuwahi kuishika maana ilikwenda chuoni moja kwa moja. Jumla milioni nne kamili, na ile 40,000 ni asilimia 1 ya uendeshaji. Hasira ikaniishia palepale, saini zote ni zangu.

Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kwangu ni miezi 60. Nimebakiza 14. Haya, nani anafuata?

Nyuki Mkali
Mlikula bumu mkanunua simu, leo mnalia. Lipeni wadogo zetu wasome.

Mama Nai
Nani kalia hapa? Simu nilinunua, kweli, 180,000. Ndiyo niliyoiuza mama alipolazwa.

Fundi Bomba
Mimi nilidisko, yaani niliondolewa chuo kwa kufeli, sina cha kuficha. Uhandisi, mwaka wa kwanza, sapu (mitihani ya marudio) nne, nikafaulu moja. Nikaenda kwa baba mdogo Mbagala kujifunza kazi ya mabomba.

Sina mwajiri, kwa hiyo hakuna wa kunikata, na hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Aliyejiajiri anatakiwa alipe mwenyewe, si chini ya 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Miaka minne sikulipa hata mia.

Kilichoniamsha ni shemeji yangu. Alikosa mkopo, akaja kwetu kulia. Tumekaa sebuleni dada yake anambembeleza, mimi nimetazama chini kwenye vigae vipya. Nikaona hapana. Wiki ile nikaomba kumbukumbu namba ya malipo, nikalipa kwa simu. Masika kazi zikijaa natupa hata 300,000 kwa mkupuo, miezi mikavu naisukuma ile laki kwa shida. Shemeji sijamwambia mpaka leo.

Mwalimu Ndizi
Mlioajiriwa kwenye taasisi binafsi, nisomeni taratibu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikawa nafundisha shule moja binafsi (kwa cheti gani, msiniulize). Nikakatwa miezi 14, kila slipu inaonyesha makato, mimi roho kwatu. Siku nimeomba taarifa ya deni, nakuta lilivyokuwa ndivyo lilivyo. Hela ilikuwa inakatwa kwangu na haifiki. Sheria inampa mwajiri siku 15 baada ya mwezi kwisha awe amewasilisha, akichelewa adhabu ni yake. Sawa, lakini wewe una ushahidi gani?

Nilikuwa na slipu 11. Tatu hazikuonekana, nyumbani kwetu karatasi nyeupe haikai, ina kazi nyingi jikoni. Shule ilipobanwa ikawasilisha ya miezi 11 tu. Ile mitatu nimeilipa mara mbili, mara ya pili mfukoni mwangu.

Mama Nai
Mwalimu, umenitia tumbo joto. Mimi naangalia slipu tu, taarifa ya deni sijawahi kuomba tangu ile siku ya kwanza.

Jirani wa Kisumu
Hamjambo majirani. Huku kwetu Kenya bodi ya mikopo ni HELB, na hela ninazotaja ni shilingi za Kenya. Mimi niliachia masomo katikati ya mwaka wa pili, karo ya upande wangu ilikuwa imenishinda. Nikanyamaza, nao wakanyamaza, nikadhani tumesameheana.

Riba ya asilimia 4 kwa mwaka si mbaya. Kinachomaliza mtu ni faini, 5,000 kila mwezi ukikaa bila kulipa. Mkopo wangu wote haukufika 80,000. Mwaka mmoja na nusu wa kunyamaza ni 90,000. Yaani mtoto alimpita mama urefu, na mimi nilinyamaza zaidi ya hapo.

Nikaja kuitwa kazi, moja ya karatasi walizotaka ni cheti cha HELB. Bahati nzuri kipindi hicho walikuwa wametangaza msamaha wa faini kwa atakayelipa deni kwa mkupuo. Nikakopa sacco, nikalipa, cheti nikapata. Sasa nadaiwa na sacco, lakini hao angalau tunaonana kila Jumamosi.

Fundi Bomba
Pole jirani. Huku Tanzania ile adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa kulipa na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo zilifutwa 2021. Zingekuwepo ningekuwa nimehamia kwenu.

Karani wa Zamani
Nilikaa dawati la mikopo la chuo kimoja miaka tisa. Mama Nai, kosa lako ni lile begi.

Kuahirisha na kuacha ni vitu viwili. Ukiahirisha kwa barua na chuo kikakubali, mkopo unasimama, ukirudi unaendelea. Ukitoroka, jina linabaki kwenye orodha kana kwamba upo. Bumu usiposaini linarudishwa Bodi, hilo halina shida. Ada ndiyo ya kuangalia. Nilikuwa na kijana aliondoka Novemba bila kusema, muhula wa pili ada yake ikaja kama kawaida, chuo kikaipokea. Alipokuja baada ya miaka mitatu kulalamika, nilimuuliza swali moja: barua yako ya kuacha ina tarehe gani? Hakuwa nayo. Aliondoka amekasirika, na mimi sikulala vizuri siku ile, maana mtu kwenye orodha yetu hatukuwahi kumtafuta.

Kama kuna anayesoma hapa na yuko mbioni kuondoka: barua, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Hata kama mgonjwa yuko wodini, andika ukiwa kwenye benchi la hospitali.

Babu wa Darasa
Mimi niliacha 2019, nikarudi 2022. Ukitaka kukopeshwa tena, lazima uwe umerejesha walau asilimia 25 ya ule mkopo wa mwanzo. Wangu ulikuwa 3,200,000, kwa hiyo 800,000. Niliuza pikipiki. Nikalipa, nikasubiri deni lisome limeshuka, ndipo nikaomba.

Darasani waliniita Babu kabla sijafika hata thelathini. Bumu siku hizi ni 10,000 kwa siku, wenzangu wakilipokea wanashangilia, mimi nilikuwa naandika kwenye kijitabu.

Nyuki Mkali
Babu heshima yako. Nafuta kauli yangu ya kwanza.

Mama Nai
Wakuu, nimerudi. Baada ya kumsoma Mwalimu Ndizi niliomba taarifa ya deni, leo imekuja. Nimekaa sakafuni na slipu zangu zote, moja baada ya nyingine. Zinakubaliana, isipokuwa Machi ya mwaka jana: kwenye slipu nimekatwa, kwenye taarifa haipo. Slipu ya Machi ninayo mkononi. Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwa mhasibu.