Mjadala: Fanksheni ya wimbi ni kitu kilichopo, au ni daftari la tunachokijua?

Mchokonozi: Wakuu, salamu. Schrödinger alitoa 1926 mlinganyo wake wa chembe ndogo kama elektroni, ambao jibu lake ni fanksheni ya wimbi, ψ, na mwaka huohuo Max Born akatupa kanuni ya kuitumia: chukua ukubwa wa ψ mahali fulani, upandishe kwenye kipeo cha pili, unapata uwezekano wa kuikuta chembe hapo. Kwenye hesabu hizo hakuna anayegombana. Ugomvi ni ψ yenyewe ni nini. Naweka msimamo wangu mapema ili nipigwe mawe vizuri: ni daftari la matarajio yetu. Sarafu ikirushwa na kufunikwa, unaandika nusu kwa nusu. Ikifunuliwa unafuta na kuandika moja. Kwenye sarafu hakuna kilichoporomoka. Basi ψ "ikiporomoka" wakati wa kipimo, yaani ikibaki na jibu moja kati ya mengi, kwa nini tuuone huo kuwa muujiza?

Nukta: Mkuu, sarafu haikusaidii. Uwezekano wa sarafu ni namba chanya na hujumlishwa tu. ψ ni namba changamano, ina ukubwa na ina fezi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake. Chukua ukuta wenye mianya miwili, elektroni zikipita kuelekea kwenye kigunduzi upande wa pili. Acha wazi wa kushoto tu: tuseme kigunduzi kinalia mara 100 kwa dakika. Acha wazi wa kulia tu: mara 100 tena. Fungua yote. Kama ψ ni ujinga wetu kuhusu njia iliyopitwa, tegemea 200 kila mahali. Lakini kwenye mstari wa mwanga unapata karibu 400, na kwenye mstari wa giza karibu 0. Tonomura na wenzake walionyesha 1989 kwamba mistari hiyo inajengeka hata elektroni zikipita moja moja, nukta baada ya nukta. Sasa nieleze: kutokujua kwangu kunaizuiaje elektroni isifike mahali ambapo ingefika kama mwanya mmoja ungezibwa?

Na kwa wale wanaosema |ψ|², yaani ule ukubwa kwenye kipeo cha pili, inatosha: wimbi sawia (lenye ukubwa uleule kila mahali) linaloenda kulia na lile linaloenda kushoto yana |ψ|² ileile kila mahali. Tofauti yote iko kwenye fezi, na ukipima mwendo unaikuta.

Pembeni: Samahani wataalamu, si wanasema ni akili ya mtu anayetazama ndiyo inayoiporomosha?

Nukta: Hapana, ndugu. Mistari hupotea pale habari ya njia inapobaki popote: kwenye kigunduzi, kwenye molekuli ya hewa iliyogongwa, kwenye fotoni iliyotawanyika. Hata pasipo mtu wa kusoma. Ndiyo maana vyombo hivi hutolewa hewa kabisa. Turudi kwenye hoja.

Mchokonozi: Fezi naikubali, ila haitoshi kunihukumu. Mwanafizikia Spekkens alichapisha 2007 mfano mdogo ambamo kila mfumo una hali nne halisi, na sheria inakuruhusu kujua nusu tu ya habari. Humo unakuta hali zisizotofautishika kwa uhakika, unakuta hali isiyojulikana haiwezi kunakiliwa, na hata kuhamisha hali kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kunawezekana. Yote kwa ujinga mtupu! Nakiri kwamba mfano huo hauvunji kanuni ya Bell (kikomo cha jinsi majibu ya chembe mbili zilizo mbali yanavyoweza kulingana), wakati maumbile huivunja.

Nanyi mnaosema ψ ipo mna deni lenu. ψ ya elektroni mbili za heliamu haiishi kwenye nafasi hii ya vipimo vitatu (urefu, upana na kimo), inaishi kwenye vipimo sita, vitatu kwa kila elektroni. Neoni ina elektroni 10, kwa hiyo vipimo 30. Ukigawa kila mhimili kwa nukta 10 tu, unahitaji namba 10³⁰ kuiandika. Kitu hicho "kilichopo" kipo wapi?

Bi Sifuri: Deni hilo ni la kweli, lakini kwanza tukuonyeshe mlango uliofungwa. Unasema chembe ina hali yake halisi, tuiite λ, na ψ ni habari pungufu juu ya λ. Basi lazima ψ mbili tofauti ziweze kuangukia λ moja, kama vile "namba shufwa" na "isiyozidi 3" kwenye dadu zinavyokutana kwenye 2.

Chukua hali mbili za mtetemo wa fotoni, W ya wima na M ya mshazari wa nyuzi 45. Tuseme kila mashine inayotengeneza hali hizo, kwa uwezekano usiopungua q, inatoa λ ya eneo la pamoja. Weka mashine mbili zisizowasiliana, kila moja ichague W au M. Michanganyiko ni minne: WW, WM, MW, MM. Kwa uwezekano usiopungua q², jozi inayotoka haibebi alama yoyote ya mchanganyiko ulioitengeneza. Sasa zipime zote mbili kwa pamoja, kwa kipimo cha hali fungamani (hali za jozi nzima, zisizogawanyika kuwa za chembe moja moja) chenye majibu manne, kilichopangwa hivi: jibu la 1 halitokei kamwe kwa WW, la 2 kwa WM, la 3 kwa MW, la 4 kwa MM. Jozi yetu itajibu nini? Kila jibu limekatazwa na mchanganyiko mmoja, na yenyewe haijui ilitoka kwenye upi. Itakosea tu. Kwa hiyo q ni 0. Ndiyo hoja ya wanafizikia Pusey, Barrett na Rudolph, 2012.

Ukipima kila chembe peke yake hoja inakufa, ndiyo maana kipimo cha pamoja ni cha lazima. Na maabara haina sifuri kamili: jibu lililokatazwa hulia mara chache kwa sababu ya kelele, kwa hiyo unachopata ni kikomo cha juu cha q.

Mchokonozi: Umenibana vizuri, dada. Ila umeingiza masharti mawili: kwamba mashine hazitegemeani hata kwenye λ, na kwamba λ ipo. La pili silitii. Matarajio yangu ni juu ya nitakachokipata nikipima, hayahusu λ yoyote iliyofichwa.

Nukta: Hapo sasa uko kwa akina Fuchs na Schack, wanaosema ψ ni imani ya mtu binafsi juu ya atakachokipata. Halali kabisa, lakini usiturudishie tena ile sarafu, maana sarafu chini ya kiganja ina upande wake tayari.

Mzani: Na wanaosema ψ ipo nao wasishangilie. Bohm (1952) anaifanya iongoze chembe, nayo haiguswi na chembe hizo, na chembe ya mbali huathiri ya karibu papo hapo. Everett (1957) anaiacha bila kuporomoka, kisha anahangaika kueleza kanuni ya Born inatoka wapi ikiwa majibu yote hutokea. Kwa mizani ya maabara hao wawili wanatabiri yaleyale.

Wanaothubutu kutabiri tofauti ni Ghirardi, Rimini na Weber (1986). Kwao ψ huporomoka yenyewe, kila chembe mara moja kwa sekunde 10¹⁶, takriban miaka milioni 300. Kitu chenye chembe 10²³ huporomoka mara milioni 10 kwa sekunde, ndiyo maana meza haiko mahali pawili. Lakini molekuli kubwa iliyoonyesha mistari 2019 ina uzito wa takriban daltoni 25,000, yaani kama chembe 25,000 za kiini (daltoni moja ni karibu uzito wa protoni moja). Gawa: 10¹⁶ kwa 25,000 ni sekunde 4 × 10¹¹, yaani miaka kama 13,000 kwa mporomoko mmoja. Safari yake ndani ya chombo ni sehemu ndogo tu ya sekunde, kwa hiyo jaribio hilo bado haliwapingi.