MREJESHO: Kaka yangu wa Iringa, tuliondoka usiku kwa barabara

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Wiki iliyopita niliuliza: kaka kaanguka na bodaboda, mbavu zimevunjika, hewa imevujia kifuani, anatakiwa Muhimbili. Tusubiri ndege asubuhi au tuondoke na ambulensi usiku uleule?

Tuliondoka saa tano usiku. Daktari alisema hata ndege isingemfaa kabla ya kuwekewa mrija kifuani, maana hewa iliyonaswa mle hutanuka kadiri ndege inavyopanda. Akamwekea. Basi, ya nini tena kungoja kupambazuke?

Aliyeniambia nipige hesabu ya oksijeni, Mungu akubariki. Garini kulikuwa na mtungi mdogo wa lita 340 tu. Kaka alikuwa anatumia lita 10 kwa dakika, yaani dakika 34. Hata Kitonga tusingefika! Dereva akanuna kweli, lakini tukapakia ule mkubwa wa lita 6,800.

Mikumi tulitambaa kwa sababu ya wanyama na matuta, na kila tuta kaka alinibana mkono hadi vidole vikafa ganzi. Nesi hakusinzia hata kidogo. Macho kwenye chupa ya mrija, akitukumbusha ibaki chini ya usawa wa kifua. Dar tuliingia saa moja asubuhi.

Mrija umetolewa jana. Ameshaanza kuulizia pikipiki yake, mama hataki hata kusikia.