Naombeni ushauri: bastola ya kwanza, ya kulengea shabaha tu (niko Minnesota)

Mwana_Ukerewe

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Brooklyn Park, Minnesota, mkaazi wa kudumu, miaka thelathini na ushee. Baridi ya huku mnaijua, mtu anakaa ndani miezi mitano. Mwenzangu wa kazini akanichukua tukaenda kwenye uwanja wa shabaha wa ndani. Nikapiga bastola yake ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi), baadaye akanipa .45. Ile .22 ilinishika kabisa: unatuliza pumzi, unabana taratibu, tundu linatokea pale pale ulipokusudia. Ile .45 nilikuwa nafumba macho hata kabla haijalia.

Sasa nataka ya kwangu. Si ya kubeba kiunoni wala ya kulala nayo chumbani. Ni ya kutoboa karatasi, yadi 7 mpaka 25, siku za mapumziko. Nina kama dola 500 za bastola yenyewe. Muuzaji wa dukani anasisitiza nichukue 9mm kwa sababu "inafanya kazi zote". Mke wangu hajakataa, ila tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 7, na amesema hataki kusikia jina la bastola yoyote kabla hajajua itakaa wapi.

Nisaidieni: kaliba (ukubwa wa risasi) gani, ya magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) au rivolva (ya silinda inayozunguka), na upande wa sheria nianzie wapi?

Mlima_Meru

Karibu sana kwenye mchezo, mkuu. Chukua .22 wala usiumize kichwa. Umeshajijibu mwenyewe pale uliposema ya .45 ilikufanya ufumbe macho. Mwili ukishajifunza kuogopa mlio na teke, unaanza kujikaza sekunde moja kabla ya risasi kutoka, mkono unashuka, na tabia hiyo kuiondoa baadaye ni kazi ya miezi. Risasi ya .22 ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6 hivi, ya 9mm ni gramu 7.5. Tofauti hiyo utaisikia kwenye kifundo cha mkono, na utaisikia zaidi ukifika dirishani kulipia, maana sanduku la 9mm kwa kawaida linakugharimu mara tatu au nne ya .22 ya idadi ile ile. Kulenga kunataka kurudia. Mwenye .22 atarudia mara nyingi zaidi kwa hela ile ile.

Na tusidhani .22 ni ya kitoto. Mchezo wa bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki unachezwa kwa .22 mpaka leo.

Chui_Mpole

Mimi napingana kidogo na kaka hapo juu. Nilianza na Glock 19 ya 9mm na sijajuta. Ukinunua .22, baada ya mwaka utatamani 9mm, utakuwa umelipa mara mbili. Pia .22 inagoma mara nyingi zaidi. Halafu siku moja mtu anaweza kuhitaji kulinda nyumba yake.

Mlima_Meru

Chui, nakuheshimu, lakini soma alichoandika. Hajaomba bastola ya ulinzi. Ya ulinzi inataka iwe karibu na tayari, ya shabaha inataka ifungiwe mbali na risasi zake. Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 4, hayo ni maamuzi mawili tofauti kabisa, na mimi nisingependa yaamuliwe na muuzaji kwa neno moja la "kazi zote".

Kuhusu kugoma uko sahihi. Fataki (kiwashio cha baruti) ya .22 imo ndani ya ukingo wa ganda, na mara nyingine haikusambaa sawasawa, kwa hiyo risasi moja moja haitawaka. Ndugu Mwana_Ukerewe, ukibana ikasikika "ta" tu, usiigeuze kuitazama. Iache imeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Kuna zinazochelewa kuwaka.

FundiChuma

Nimekuwa nikisafisha na kurekebisha hizi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaje majina.

Ruger Mark IV ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Ukoo wake ulianza mwaka 1949, na matoleo ya zamani yalikuwa yanapiga vizuri sana lakini kuyafungua na kuyarudisha kulikuwa kunawaliza watu wazima. Mark IV ya mwaka 2016 iliondoa mateso hayo: unabonyeza kitufe nyuma, mtutu unafunguka mbele, unausafisha moja kwa moja. Ukikuta iliyotumika kwa bei nzuri, uliza tarehe. Zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa na kiwanda kwa sababu kizuizi chake cha usalama kikikaa katikati, si juu wala chini, na triga ikabanwa, bastola ingeweza kulia baadaye kizuizi kinapoachiwa. Kiwanda kilikuwa kinazirekebisha bure, kwa hiyo hakikisha namba yake ilishapitia huko.

Browning Buck Mark ipo tangu 1985. Mimi binafsi naipenda triga yake kuliko zote za bei hiyo, inakatika safi kama kuvunja kijiti kikavu. Smith & Wesson SW22 Victory nayo ni nzuri, inafunguka kwa skrubu moja. Hizi tatu zote ni magazini ya risasi kumi, na nyingi ziko ndani ya bajeti yako au juu yake kidogo.

Zipo pia Glock 44 na Taurus TX22, zenye umbo la bastola za 9mm, nyepesi kwa kuwa fremu ni ya plastiki. Taurus ndiyo ya bei nafuu. Ila kwa karatasi tu, uzito ni rafiki yako. Bastola nzito hutulia mkononi na nukta ya kulengea haichezi ovyo.

Rivolva: triga ya mvuto mrefu inafundisha mkono sana, lakini rivolva nzuri ya .22 kama Smith & Wesson 617 itakula bajeti yako na kupitiliza. Iache kwa sasa.

Sasa kubwa kuliko yote hayo: mkono wako. Omba kuishika ikiwa tupu, slaidi (kipande cha juu kinachovutwa) ikiwa nyuma, ukague chemba (tundu inamokaa risasi) kwa macho na kwa kidole. Shika juu kabisa ya mpini. Pedi ya kidole cha shahada inatakiwa ifike kwenye triga bila kuukunja mkono wote upande. Ikiwa kidole kinafikia kwa ncha tu, mpini ni mkubwa kwako. Ikiwa kinavuka mpaka kwenye kiungo, ni mdogo. Viwanja vingi vya huko kwenu vinakodisha. Kodisha mbili tatu kabla ya kununua, hata kama rafiki amekuapia kwamba yake ndiyo bora duniani.

Mama Zuhura

Mwanangu, mkeo amesema la maana na ningependa lijibiwe vizuri, maana watu huja kwenye nyuzi hizi wakajadili triga kurasa tatu, sefu wakaigusia mstari mmoja.

Bajeti yako isiwe dola 500 za bastola. Toa humo kwanza sefu ndogo ya chuma, uifunge kwa bolti kwenye sakafu au ndani ya kabati zito, kwa sababu sefu ya kubebeka mwizi anaondoka nayo na vilivyomo. Bastola ikae tupu humo. Risasi zikae kwenye kasha jingine lenye kufuli, chumba kingine. Funguo zisining'inie jikoni na namba isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, maana mtoto wa miaka 7 ataijaribu hiyo ya kwanza. Hapo Minnesota, kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia ni kosa la jinai, hata kama hakuna aliyeumia.

La pili ni masikio. Bastola ya .22 inasikika ndogo, lakini nayo inavuka desibeli 140, na ndani ya kuta mlio unarudi. Vaa vizibo ndani ya sikio na vifunika masikio juu yake, vyote viwili. Mimi ninafanya kazi na wagonjwa waliopoteza usikivu, haurudi. Miwani ya kinga pia, maganda yanaruka yakiwa ya moto.

La tatu watu hawalitaji: madini ya risasi (lead), yenye sumu. Moshi wa fataki unayo, na zile za .22 zisizofunikwa shaba zinayaongeza. Ukitoka uwanjani nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula chochote, viatu viache mlangoni, nguo zifuliwe peke yake. Usimbebe yule mdogo na shati ulilopigia.

Kombo wa Tumbe

Upande wa sheria, kwa kuwa mimi nami nilipitia njia hiyo nikiwa na kadi ya ukaazi.

Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Wenye viza za muda, kama za masomo, kwa kawaida hawaruhusiwi, isipokuwa wachache wenye sababu zilizotajwa na sheria, mfano kibali halali cha uwindaji. Minnesota unahitaji kwanza kibali cha kununulia bastola. Unakiomba kwa polisi wa mji wako, hulipi, na kinadumu mwaka mmoja. Kiombe mapema, usisubiri mpaka umeshaipenda bastola dukani. Dukani utajaza Fomu 4473 ya serikali kuu na utaandika namba yako ya uhamiaji. Bastola utainunua katika jimbo unaloishi, usidanganywe na bei za jimbo jirani la Wisconsin.

Mambo mawili yawashe taa nyekundu. Bangi imehalalishwa Minnesota tangu 2023, lakini fomu ni ya serikali kuu na inauliza kuhusu matumizi yake. Kusema uongo humo ni kosa la jinai, na kwa sisi tusio raia linaweza kukugharimu ukaazi wenyewe. La pili, usimnunulie mtu mwingine, hata ndugu, hata akikupa hela taslimu na sababu nzuri. Ukiandika kwamba mnunuzi ni wewe na si wewe, hakuna wa kukutetea.

Njiani: kama huna kibali cha kubeba, bastola iwe tupu ndani ya kasha lililofungwa.

Nyota ya Ngong

Niongeze moja tu nikiwa Nairobi. Usije ukafikiria kuileta nyumbani kwenye mzigo ukija likizo. Huku silaha ni cheti kutoka Firearms Licensing Board (bodi ya leseni za silaha), na kutoka huko kuja huku kunataka vibali vya pande zote mbili. Iache ikae huko huko.

Mwana_Ukerewe

Ahsanteni sana, na Mama Zuhura shikamoo. Nimemsomea mke wangu ujumbe wako wote, akasema huyo mama asikilizwe. Sefu imeshaagizwa, kibali nimeshaomba, na jana nilikodisha Buck Mark na Mark IV. Mark IV ya mtutu mzito imenikaa mkononi zaidi.

Maswali mawili. Natumia mkono wa kulia lakini nikijaribu kuelekeza kidole huku macho yote yako wazi, jicho linalotawala ni la kushoto. Je, nibadili mkono? Na matundu yangu mengi yanaangukia chini kushoto, kwenye bastola zote mbili.

FundiChuma

Usibadili mkono. Kwa bunduki ndefu hilo ni tatizo, kwa bastola ni jambo dogo: sogeza bastola kidogo kuelekea jicho la kushoto, au geuza kidevu kidogo kulia, uendelee.

Chini kushoto kwenye bastola zote mbili maana yake bastola hazina kosa, na usiguse skrubu za kulengea. Kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo ni kubana triga pamoja na vidole vyote, au kuusukuma mkono mbele kuupokea mlio. Dawa yake: mwombe rafiki yako akupakilie magazini akichanganya risasi halisi na za bandia bila wewe kujua mpangilio. Itakapoangukia ya bandia, kila mtu ataona mdomo wa bastola ukichota chini. Hapo sogeza shabaha karibu mpaka yadi 5, tazama kidoto cha kulengea cha mbele tu, na bana polepole kiasi kwamba huijui sekunde itakayolia. Nyumbani unaweza kufanya mazoezi ukiwa na bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine na shabaha kwenye ukuta ambao hakuna mtu nyuma yake. Mark IV inavumilia kubanwa ikiwa tupu, lakini .22 nyingi nyingine pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza.