Tupeane uzoefu: mliotoa mimba, maneno ya watu mliyabebaje?

#1
Jana nimembeba mtoto wa mdogo wangu, wifi akasema mbele za watu, "Huyu naye anajua kubembeleza? Si alimtoa wa kwake?" Miaka 6 imepita! Nikamrudisha mtoto kwa mama yake, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Wenzangu mnajibu nini?

#2
Mimi sijibu. Mpaka leo.

#3
Umenitonesha. Yangu ilikuwa ya wiki 17. Siku ya tatu kukawa na kikao cha familia, na nisipotokea wataulizana. Nikajikaza, nikaenda. Katikati ya maongezi kichanga kikalia chumba cha pili. Nikahisi joto kifuani. Kutazama, blauzi ya kijivu ina madoa mawili yanatanuka. Maziwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mimba ikifika wiki 16 hivi, maziwa yanaweza kutoka hata kama hakuna wa kunyonya. Nilivuta mtandio, lakini shangazi alishaona. Hakusema neno pale. Kufika jioni ukoo mzima unajua. Kuitwa muuaji nilizoea. Kilichoniua ni mama kunitengea sahani na kikombe, akaviweka peke yake juu ya kabati. Miezi 4.

#4
Pole sana dada yangu, nimelia. Yakikutoka hayo maziwa, yakamue yote yaishe.

#5
Hapana #4! Ukikamua, mwili unajua kuna anayenyonya, unatengeneza zaidi. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha baridi, yatakauka yenyewe. Titi likiwa jekundu na homa juu, nenda kwa daktari.

#6
Samahani, lakini wiki 17 ulikuwa unasubiri nini? Si ungezaa tu.

#7
Hapa tunasimulia waliopitia. Wewe umepitia? Basi muache mwenzio apumue.

#6
Nimeuliza tu.

#7
Hata wifi wa #1 alikuwa anauliza tu.

#8
Mimi walinitisha kwamba kizazi kimeharibika. Nikaamini, nikaacha kutumia kinga, nikashika mimba kabla hata hedhi haijarudi! Kumbe yai linaweza kupevuka ndani ya wiki 2. Utoaji uliofanywa salama hauleti utasa, nina watoto wawili. Na Shirika la Afya Duniani linasema karibu mimba 3 kati ya 10 duniani hutolewa. Hao wanaotusema, wengine ni wenzetu, wamefunga midomo kwa woga.

#9
Mwenye mchumba amwambie mapema, asije akayasikia kwa watu.

#10
Usithubutu. Nilimwambia wangu, akanifuta machozi. Sasa tukigombana hata kwa chumvi, hiyo ndiyo fimbo yake.

#2
Mimi nilimwambia dada yangu peke yake. Inatosha.

#1
#3, sahani mama alikurudishia lini?

#3
Hakurudisha. Siku moja niliitoa kabatini mwenyewe, nikaiweka katikati ya zile nyingine. Akaitazama, akanitazama, akapakua.