Kikosi bora cha "miaka yote" kisicho na mtu wa kabla ya 2008? Hii ni dharau kwa wazee wa Mashemeji

Wakuu wa jukwaa, someni hadi mwisho kabla hamjaanza kunijibu. Nimekasirika na sina haja ya kuficha.

Wiki iliyopita kituo kimoja cha redio hapa Nairobi, jina nakiachia chenyewe, kiliwaita wachambuzi vijana wapange kikosi bora cha miaka yote cha Mashemeji: Gor Mahia na AFC Leopards wachanganywe, watoke kumi na mmoja. Nikakaa nisikilize, maana hilo ni jambo letu. Wakaanza na kipa, wakaja mabeki, viungo, mafowadi. Walipomaliza, hakukuwa na hata mmoja aliyevaa jezi kabla ya 2008. Hata mmoja! Mzee mmoja akapiga simu kumtaja Peter Dawo, mfungaji wa Gor. Mtangazaji akamuuliza, "Huyo alichezea wapi, mzee?" Studio nzima ikacheka, simu ikakatwa, ukachezwa muziki.

Hawakuishia hapo. Walipoulizwa mechi kubwa kuliko zote katika historia ya Gor, wakasema ni ile ya Everton. Na mmoja wao, alipokumbushwa kombe la 1987, akasema Gor walilishinda kwa penalti.

Niseme wazi kwamba mimi ni Ingwe, yaani shabiki wa AFC Leopards. Nimezaliwa Ingwe, nimelelewa Makongeni nikiwa Ingwe, na siku nikizikwa wataleta ngoma za isukuti. Sina sababu ya kuwatetea K'Ogalo, yaani Gor. Lakini kuna mambo shemeji yako akitendewa huwezi kukaa kimya, na hili ni mojawapo. Kumfuta Dawo leo ni kumfuta kipa wetu Mahmoud Abbas kesho. Nao wameshafutwa wote wawili kwa siku moja.

Nianze na Everton. Julai 2017, Dar es Salaam. Wazungu walikuja kujiandaa kwa msimu wao. Rooney akapiga shuti la mbali likaingia, Jacques Tuyisenge akasawazisha, Everton wakamaliza 2-1. Ilikuwa mechi tamu, nami niliitazama. Lakini ilikuwa ya kirafiki, na Gor walifungwa! Unachukuaje mchezo wa kirafiki uliopoteza ukauweka juu ya fainali ya Afrika uliyoshinda? Kwa sababu tu upande wa pili kulikuwa na mtu mnayemwona kwenye televisheni kila Jumamosi?

Sasa 1987, na tafadhali yule kijana wa penalti asome polepole. Kombe la Washindi barani Afrika, lile lililoitwa Kombe la Nelson Mandela, na Mandela mwenyewe wakati huo bado yuko jela. Fainali ilikuwa na mikondo miwili dhidi ya Espérance ya Tunisia. Kule Tunis Gor walitoka 2-2. Marudiano yakaja Kasarani mwezi Desemba, yakaisha 1-1. Jumla 3-3. Hakukuwa na penalti hata moja ya kuamua mshindi. Kombe lilibaki Nairobi kwa sababu ya yale mabao mawili ya ugenini, maana jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi.

Fikirieni maana yake kwa aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za Kasarani. Matokeo yakiwa 1-1, bao moja tu la Waarabu lingewapa kombe, maana 2-1 ni yao. Kila kona, kila frikiki, kila krosi iliyopita mbele ya kipa David Ochieng ingeweza kuwa mwisho. Na uwanja ule ulikuwa mpya kabisa. Mwezi Agosti mwaka huohuo, kwenye Michezo ya Afrika, tulikuwa tumeona palepale timu ya taifa, Harambee Stars, wakifungwa 1-0 na Misri kwenye fainali. Jiji zima lilikuwa bado linauguza lile jeraha, na wengi walienda Kasarani wakiwa na hofu kwamba Waarabu wa kaskazini wanakuja kututoa machozi tena mlemle ndani. Mimi, Ingwe, nilisimama siku ile kama Mkenya na nikaimba na watu ambao wiki mbili kabla sikuwa nawasalimia. Kapteni Austin Oduor alipoinua lile kombe, hakuna aliyeulizana wewe ni wa rangi gani.

Tangu siku hiyo hakuna klabu ya Kenya iliyorudi na kombe la bara. Hakuna! Mnaita kikosi bora cha miaka yote halafu mnaacha kikosi pekee kilichofanya hivyo?

Nikumbushe majina, na nitayataja na lakabu zake, maana hivyo ndivyo tulivyowajua. Oduor alikuwa "Makamu". Paul Oduwo "Cobra". Tobias Ocholla "Jua Kali", na aliyemwona akikaba hahitaji kuelezwa kwa nini. George Onyango "Fundi". Abbas Magongo "Zamalek". Sammy Onyango "Jogoo". Na mbele yao wote, Dawo, mfungaji wao mkuu katika safari ile. Mpira ukipanda hewani beki alikuwa anajua ameshachelewa. Sisi Ingwe tulimchukia kwa moyo wote kila dabi, na hiyo ndiyo heshima kubwa shabiki anayoweza kumpa mchezaji wa upande wa pili.

Lakabu hizo hazikutoka kwa kampuni ya matangazo. Zilitoka City Stadium, kwenye foleni ya tiketi, kwenye nyama ya soko la Burma baada ya mechi, kwenye matatu za Jogoo Road. Watoto wa Kaloleni na Maringo walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi na kila mmoja ana jina lake: mimi ni Thigo, mimi ni Chege, mimi ni Masiga. Mtoto wa siku hizi akipiga mpira kichochoroni anaitwa kwa jina la mtu wa Manchester. Simlaumu mtoto. Nawalaumu wenye vipaza sauti waliomnyima lile jina lingine.

Na kabla ya hao wa 1987 kulikuwa na wengine. Allan Thigo "90 Minutes". William "Chege" Ouma. James Siang'a langoni. Hawa walikuwa Cameroon 1972, mara ya kwanza Kenya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika, na kapteni alikuwa wetu, Jonathan Niva. Walifungwa 2-1 na wenyeji Cameroon, wakatoka 1-1 na Mali na 1-1 na Togo. Siang'a huyohuyo ndiye kocha aliyewapeleka Simba ya Dar es Salaam hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa 2003, baada ya kuwang'oa Zamalek ya Misri waliokuwa mabingwa watetezi. Watanzania wanamkumbuka mpaka leo. Hapa kwetu, studio nzima ya "wachambuzi" haikumtaja hata kwa bahati mbaya walipokuwa wakichagua kipa.

Kipa wenyewe! Mahmoud Abbas, mtoto wa Pwani, tuliyemwita "Kenya One". Nani kati ya wale vijana anajua kwamba Harambee Stars walichukua Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983? Mnadhani nani alikuwa akiokoa nyuma huko?

Wacha niwape hesabu moja tu, halafu mniambie kama mimi ni mzee wa porojo. Kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati, kuanzia 1976 hadi 1985. Luo Union, nao wa hapa Kenya, 1976 na 1977. Abaluhya 1979, ambao ndio sisi, kabla serikali haijapiga marufuku majina ya makabila na tukawa AFC Leopards mwaka uliofuata. Gor 1980 na 1981. Ingwe 1982, 1983 na 1984. Gor 1985. Katika miaka hiyo kumi ni 1978 peke yake kombe lilipotuponyoka, likaenda kwa KCC ya Kampala. Miaka tisa kati ya kumi! Simba, Yanga, wababe wa Sudan, Uganda yote, walikuwa wakija wakirudi mikono mitupu. Na fainali ya 1984 ilikuwa dabi yenyewe: Ingwe 2, Gor 1, hapahapa Nairobi. Mwaka uliofuata wakatulipiza Sudan, 2-0. Hebu fikirieni dabi ya Mashemeji ikiwa ndiyo fainali ya ukanda mzima, miaka miwili mfululizo. Nyinyi leo mnaita dabi "kubwa" kwa sababu tiketi zimeuzwa kwa simu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hiyo dabi mnayoitangaza mkapata wadhamini iliundwa na watu wenye majina.

Kwa upande wetu sijui nianzie wapi. Josephat Murila "Controller", aliyeupoza mpira mpaka hasira zikuishe. Wilberforce Mulamba. Mickey Weche "T9". Noah Wanyama, ambaye vijana wanamjua tu kama baba yake wachezaji McDonald Mariga na Victor Wanyama, na hata hilo wengi hawalijui. Na J.J. Masiga! Daktari wa meno, jamani. Mtu alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akaifungia Ingwe na Harambee Stars mabao, na bado akacheza raga na Mwamba. Angekuwa Mwingereza mngeshamfanyia makala kumi. Kwa kuwa ni wa hapa, mchambuzi anasema "enzi hizo mpira ulikuwa wa polepole". Ulimwona lini, wewe?

Najua jibu litakalokuja hapa chini, tayari nalisikia: "Mzee, hakuna video." Sawa, video ni chache, tena chache sana, na hilo ni aibu nyingine inayotaka uzi wake. Lakini tangu lini mchambuzi akawa mtu wa kutazama video tu? Nenda Maktaba ya McMillan pale Barabara ya Banda, uombe magazeti ya zamani. Ripoti za mechi zipo. Vikosi vipo. Wafungaji wapo. Halafu kuna sisi wenyewe. Tumejaa Eastlands, tuko hai, wengine tunaweza kukutajia krosi ilitoka upande gani. Wachezaji kadhaa wa 1987 wako hai pia na wanaishi humuhumu nchini. Nauli ya kwenda kumwona mmoja wao haizidi bei ya chakula cha mchana mnachokula hapo studio.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyowakumbuka wakishakufa. Joe Kadenge, mtu ambaye "Kadenge na mpira" ilikuwa midomoni mwa nchi nzima kwa sababu ya sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, alikuja kuendesha teksi katika jiji hilihili. Watu walipanda gari lake bila kujua nani ameshika usukani. Alipofariki Julai 2019 ndipo mabango yakatoka, hotuba zikatoka, City Stadium ikatangazwa kuwa ni ya jina lake. Naye Mbotela ametuacha Februari 2025. Sauti iliyotupa mechi hizo sebuleni imeondoka, na studio zilizorithi kazi yake zinauliza Dawo alichezea wapi.

Sisemi wa sasa hawafai. Michael Olunga, mshambuliaji wa Gor, alinifunga mdomo ule msimu wa 2015 Gor walipomaliza ligi bila kufungwa, na nilimpigia makofi kimoyomoyo. Allan Wanga alinipa raha nyingi. Wawekeni. Lakini hata huo msimu wa 2015 mliutangaza kana kwamba ni wa kwanza duniani, wakati Gor hiyohiyo ilishachukua ligi ya 1976 bila kufungwa mechi. Hakuna aliyewaambia? Au hakuna aliyeuliza?

Nataka mambo mawili. Kwanza, kile kituo kinajijua, na najua kuna wafanyakazi wake humu jukwaani. Rekebisheni hewani habari ya penalti, kwenye kipindi kilekile, saa ileile. Na yule mzee aliyekatiwa simu apigiwe, aombwe radhi, apewe dakika zake amalize habari ya Dawo.

Pili, wazee wenzangu, mashemeji kwa Ingwe, acheni kusoma kimya. Andikeni hapa chini kikosi mlichokiona kwa macho yenu, na mechi mliyoihudhuria, na uwanja. Vijana wanaotaka kujua waulize, tutajibu bila kuwacheka. Mimi naanza na langu, la kuchanganya pande zote mbili kama walivyotaka wao. Langoni Mahmoud Abbas. Mabeki Cobra, Jua Kali, Makamu na Niva. Katikati Thigo, Murila na Mulamba. Mbele Kadenge, Masiga na Dawo. Bobby Ogolla, yule "Six Million Dollar Man", nimemweka benchi, na najua mashemeji wa Kaloleni watanivamia kwa hilo. Njooni mnivamie, lakini mje na majina.