Naomba ushauri: mitaa ya Granada na mama mwenye goti bovu

Habari za jioni wakuu. Nipo Granada, Hispania, na mama yangu, miaka 68, goti la kulia linamsumbua. Tumebakiwa na siku mbili na nimekwama.

Jana tulitaka kupanda Albaicín, ule mtaa wa zamani wa Waislamu unaotazamana na Alhambra, ile ngome na kasri la kale la watawala wa Kiislamu. Kutoka Plaza Nueva tukafuata mto Darro vizuri tu, ila tulipoingia vichochoro vya kupanda, mambo yakawa mengine. Chini wametandaza kokoto za mtoni, zimesuguliwa na miguu ya watu hadi zinateleza. Mama alivaa kandambili (nilimwambia!). Akakaa kizingitini mwa nyumba ya watu, akasema, "Mwanangu, nenda wewe." Tukarudi hotelini.

Nimeona kuna basi dogo C31 linalopanda Albaicín, na C34 la Sacromonte kwenye nyumba za mapangoni. Realejo, uliokuwa mtaa wa Wayahudi hadi walipofukuzwa 1492, sijaugusa. Asubuhi ya kesho kutwa tuna tiketi za Alhambra, kwa hiyo sitaki achoke kabla.

Kwa waliofika: tukishuka C31 karibu na uwanja wa San Nicolás huko Albaicín, kuna mwinuko au ngazi kiasi gani hadi pale unapoiona Alhambra na ule msikiti mpya wa 2003? Na kati ya Sacromonte na Realejo, upi mama ataumudu kwa mguu? Teksi siikatai, ila nataka auone mtaa, siyo dirisha la gari.

Natanguliza shukrani.